Mikutano ya wanaoacha pombe ichapishwe gazetini

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalonikera tangu Septemba 2023, serikali ilipotukabidhi mikoba sisi wahudumu wa afya ya jamii na kumgawia kila mmoja wetu nyumba zipatazo 100 za kutembelea. Mkobani mwangu mna mashine ya presha, kifaa cha kupima sukari, kipimajoto, mizani, utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na simu ya kuandikia taarifa. Mwenye presha iliyopanda najua nimpeleke wapi, mama mjamzito hali kadhalika, na mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili ana njia yake iliyokwisha kupangwa. Lakini mke wa mtu anaponivuta kando hadi jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali ambapo mumewe anaweza kwenda kukaa na watu walioacha pombe, sina karatasi ya kumpa. Swali hilo naulizwa hapa Likoni, Mombasa, na wenzangu wa Kisauni na Changamwe wananiambia kwamba nao huulizwa.

Kama pasingekuwa na mikutano hiyo, ningeandika barua ya aina nyingine, ya kuiomba serikali ianzishe kitu. Tatizo ni kwamba mikutano ipo. Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huifupisha AA, ina vikundi hapa Kenya vinavyokutana katika kumbi za makanisa, katika vituo vya kurekebishia waraibu na siku hizi mtandaoni, na havimtozi mtu hata senti moja. Hakuna fomu ya kujaza wala barua ya chifu. Sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, kutaka kuacha kunywa, na gharama za chai na kodi ya chumba hulipwa kwa kikapu kinachopitishwa, mwenye nacho akatia na asiye nacho akakipisha kwa mwenzake. Katika nchi ambayo wiki chache za kulala katika kituo cha kibinafsi zinaweza kumaliza akiba ya familia nzima, huduma ya bure ya namna hiyo ingepaswa kujulikana na kila mtoto wa shule. Badala yake hujulikana na wale waliokwisha kuingia ndani yake, na kwa walio nje ni uvumi.

Nitaeleza namna uvumi huo unavyofanya kazi. Kuna fundi mmoja wa kuchomelea vyuma katika eneo langu, baba wa watoto watatu, ambaye kwa miaka mingi asubuhi yake ilianzia mangweni, kilabuni kwa pombe ya mnazi, kwa glasi ya kuzimua, ndipo mikono itulie aweze kushika kazi. Alipotoka hospitali, alikolazwa hadi mwili ukazoea kukaa bila pombe, mwenyewe aliniomba nimtafutie wenzake. Nambari ya kwanza niliyopewa ilikuwa haipatikani. Ya pili iliita mpaka ikakatika, na nilipoijaribu tena ilipokewa na mtu aliyekuwa amehamia bara. Mwishowe tuliambiwa kuna mkutano Jumanne jioni, saa kumi na mbili, katika kanisa moja kisiwani, nikaamua kumsindikiza. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi na viatu vya Jumapili. Tulivuka feri saa ile ambayo umati wote unarudi Likoni na sisi ndio tunaokwenda kinyume, tukafika langoni jasho likitutoka. Mlinzi alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hapa ni kanisani, mama. Hapa hakuna mkutano wa walevi." Fundi aliniangalia, akasema, "Umesikia mwenyewe," akageuka.

Kesho yake nilijua kwamba mkutano ulifanyika, katika chumba kilicho nyuma ya jengo hilo ambamo watoto hufundishiwa siku ya Jumapili, na kwamba mlinzi yule alikuwa mgeni katika zamu hiyo. Simlaumu. Alisema kweli kwa kadiri ya alivyojua, kwa sababu langoni hapakuwa na kibao wala karatasi, na hakuna aliyemwambia. Lakini usiku ule fundi alilala mangweni, na ilipita miezi kabla hajakubali kuvaa tena shati lile na kutoka nami.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya wanachama wenyewe, hudhani kwamba ndivyo inavyotakiwa, eti mikutano hii kwa asili yake ni ya siri. Historia ya AA yenyewe inawakanusha. Mei 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York aliyekuwa na miezi mitano tu bila kunywa, alijikuta katika hoteli moja mjini Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, biashara iliyompeleka huko imevunjika na mfukoni ana fedha kidogo tu. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli kulikuwa na baa inayochangamka, na upande wa pili palikuwa na orodha ya makanisa ya mji na nambari za simu. Aliiendea orodha. Alipiga simu kwa mchungaji, akaomba aunganishwe na mlevi yeyote wa kuzungumza naye, kwa kuwa alikwisha kung'amua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake yeye mwenyewe hanywi. Simu moja ilizaa nyingine, hata siku ya pili yake akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akizama katika pombe, ambaye alikubali kumpa dakika 15 tu. Walikaa saa sita na zaidi. Siku ambayo daktari huyo alikunywa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA. Basi jambo lote hili, ambalo leo liko katika nchi nyingi duniani, lilianzia kwenye orodha iliyowekwa mahali ambapo mgeni yeyote angeiona.

Na kilicholikuza ni magazeti, Mhariri, ndiyo maana barua hii nakuandikia wewe na si mkurugenzi wa afya wa kaunti. Mwishoni mwa 1939 gazeti la Plain Dealer la Cleveland lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu kikundi cha mji huo, na simu za watu waliotaka msaada zikaanza kumiminika kwa wanachama wachache ambao baadhi yao wenyewe walikuwa hawajamaliza mwaka. Tarehe 1 Machi 1941 jarida la Saturday Evening Post likachapisha makala ya mwandishi Jack Alexander. Wanachama waliokuwa kiasi cha 2,000 mwanzoni mwa mwaka huo walifika kiasi cha 8,000 ulipokwisha. Hakuna jina la mwanachama lililohitaji kuanikwa ili hayo yatokee. Desturi ya AA inamtaka mwanachama asijitangaze kwa jina wala sura yake katika vyombo vya habari, na desturi hiyo ni njema, hasa katika mji kama wetu ambapo habari humtangulia mtu nyumbani. Lakini desturi hiyo humsitiri mtu. Haijasema popote kwamba na mlango usitiriwe, wala siku, wala saa.

Hebu tulinganishe. Tangu sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile ambayo mpaka leo Wakenya huiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, kila mtu anajua kwamba baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na kwamba zinapaswa kufungwa saa tano usiku. Hata asiyekunywa anazijua saa hizo. Magazeti yetu hutuonyesha picha za machifu wakimwaga chang'aa mtaroni, hutuhesabia maiti kila inapotokea pombe yenye sumu ya methanoli, kama ilivyokuwa Mukuru mwaka 2000, katika kaunti kadhaa mwaka 2014 na Kirinyaga Februari 2024, na huandika kwa urefu misako inayofuata na maagizo ya mawaziri. Sijapata kuona katika kurasa hizo hizo mstari mmoja unaosema kwamba Jumanne saa fulani, katika jengo fulani, watu walioacha kunywa watakaa pamoja na wewe unakaribishwa. Kwa utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, mtu mmoja kati ya 20 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini tayari ni mraibu wa pombe. Huyo ni msomaji wako, au yuko nyumbani kwa msomaji wako.

Hapa Pwani kuna jambo la ziada. Tukisema "waraibu" Mombasa, mawazo ya watu hukimbilia unga, yaani heroini. Ni haki, kwa maana unga umetumalizia vijana, na tangu 2014, Kenya ilipoanza kutoa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, angalau mtumiaji wa heroini ana kliniki ya kwenda asubuhi, ana wauguzi wanaomjua, ana wenzake kwenye foleni. Mlevi hana foleni. Mnazi ni wa nyumbani, hunywewa arusini na matangani, na mtu anaweza kuharibikiwa nao kwa miaka 20 huku majirani wakisema tu kwamba fulani anapenda kuchangamka. Kwa Mwislamu hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kukubali kwamba anahitaji msaada ni kukubali hadharani kwamba alikuwa akinywa, na wengi ninaowatembelea wangependelea kuugua ini kimya kimya kuliko hilo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mkutano uko kanisani, umemfungia mlango mara mbili. Ukweli ni kwamba kikundi hukodi chumba tu, hakiko chini ya kanisa lile, na hatua 12 za AA, yaani mwongozo wake wa kuacha pombe, humtaja Mungu kwa namna ambavyo kila mwanachama anavyomfahamu yeye mwenyewe. Lakini nani amemweleza? Ningefurahi kuona vikundi vikihamishia baadhi ya mikutano katika kumbi za kijamii za kaunti au vyumba vya zahanati baada ya saa za kazi. Si lazima yote. Hata mmoja tu kwa wiki upande huu wa feri ungetosha kuanzia.

Wanawake nao wana shida yao, ambayo sitaieleza kwa kirefu kwa kuwa inastahili barua yake. Nitasema tu kwamba mama anayekunywa huficha chupa ndani ya pipa la unga wa ugali, na kwamba katika mikutano niliyosindikiza watu nimehesabu wanaume wengi na wanawake wachache mno.

Kuna pia suala la lugha. Mikutano niliyohudhuria kama msindikizaji, ile inayoitwa ya wazi ambamo jamaa na wageni huruhusiwa, iliendeshwa kwa Kiingereza tangu usomaji wa mwanzo hadi dua ya mwisho. Fundi wangu anakisikia Kiingereza cha kazini, lakini yanayomhusu moyoni hayajui kwa lugha hiyo. Siku aliposimama hatimaye na kusema jina lake, akaendelea kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa, wengine wawili waliomfuata nao walizungumza Kiswahili, na mmoja alikuwa amehudhuria kwa muda mrefu akisema sentensi mbili tatu tu kila wiki. Tangazo likisema kwamba mkutano fulani ni wa Kiswahili, au kwamba Kiswahili kinakaribishwa, litaita watu ambao hawajawahi kujihesabu kuwa miongoni mwa wanaoalikwa.

Mikutano ya mtandaoni, ambayo ilienea sana mwaka 2020 wakati wa korona, imesaidia wenye simu nzuri na chumba cha peke yao. Katika nyumba ya chumba kimoja, yenye watoto na mama mkwe, hakuna mtu atakayeweka simu juu ya meza aeleze alivyouza mashine ya kuchomelea akanywa fedha zake. Ipo pia programu ya simu inayoonyesha mikutano iliyo karibu na mtu alipo, na ni ya bure, ila huonyesha tu vile vikundi ambavyo vimepeleka taarifa zao. Sizidharau njia hizi. Nasema haziwezi kuchukua nafasi ya karatasi iliyobandikwa mahali pa watu.

Wapo watakaouliza kama mikutano yenyewe inafaa kitu, au ni maneno ya kufarijiana. Machi 2020 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yalionyesha kwamba wagonjwa waliosaidiwa kwa mpango maalumu wa kuwaingiza katika vikundi vya AA walifanya vizuri kuliko waliopewa tiba nyingine za mazungumzo katika jambo moja kubwa, kukaa bila kunywa kabisa: baada ya mwaka, 42 kwa kila 100 dhidi ya 35. Tofauti hiyo si muujiza. Lakini kilichopimwa hapo ni kazi ya mtaalamu kumfikisha mgonjwa mkutanoni, na hiyo ni kazi ambayo hata sisi wenye mikoba tunaweza kuifanya tukipewa anwani.

Hata hivyo, orodha peke yake haitoshi, na sitaki msomaji adhani natafuta njia rahisi. Kuna utafiti mdogo uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1981, wa watu 20 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja walielezwa mahali, siku na saa za mikutano, wakahimizwa waende. Kundi la pili walipigiwa simu na mwanachama papo hapo, mbele ya mshauri wao, na mwanachama huyo akaahidi kuwapitia na kwenda nao. Wa kundi la pili wote walikwenda. Wa kundi la kwanza hakwenda hata mmoja. Ni watu wachache mno kwa hitimisho kubwa, lakini yeyote aliyewahi kusimama na mlevi nje ya lango hatashangaa. Kwa hiyo ninachokiomba si ratiba tu, bali ratiba yenye nambari ya simu ambayo mwanachama ataipokea, na neno moja la kusema kwamba mgeni atasubiriwa langoni. Vikundi vina desturi ya kumpa mgeni mlezi, yaani mwanachama wa zamani wa kumshika mkono. Ulezi huo uanzie barabarani, usisubiri mtu afike kitini.

Naomba pia tangazo hilo liwe na onyo, kwa sababu nimeona hatari yake kwa macho yangu. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu hapaswi kukata pombe ghafla akiwa nyumbani, hata kama ameshapata mkutano. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho, degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kwa kuona visivyokuwapo huja mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne, na huua. Hospitalini hupewa dawa za kumtuliza na vitamini B1, akaangaliwa hadi hatari ipite. Kwanza hospitali, kisha kikundi. Anayetaka ushauri kabla ya yote anaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA inayopokelewa usiku na mchana. Na jamaa za walevi, ambao kwa kweli ndio wanaonivuta jikoni, waelezwe kwamba nao wana vikundi vyao vya Al-Anon, vilivyoanzishwa mwaka 1951 na wake wa wanachama wa AA, ambavyo huwapokea hata kama mlevi wao hajakubali kuacha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni nafasi ndogo isiyozidi tangazo la zabuni, mara moja kwa wiki. Iandike mji, siku, saa, jina la jengo na mlango wa kuingilia (mlango ni muhimu kuliko unavyodhani), lugha ya mkutano, kama ni wa wazi au wa wanachama pekee, na nambari ya kupiga. Vikundi navyo viwatume watu wao walete taarifa hizo, wazisahihishe kila mkutano unapohama, na wawaambie walinzi. Mimi na wenzangu tutazibandika zahanatini, kwa chifu na penye foleni ya feri. Ikiwezekana ichapishwe Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili baa hufunguliwa saa nane mchana, na ndizo siku mbili ambazo wengi wa watu wangu huniambia hawajui wazipitishe vipi.

Wako mwaminifu,
Mhudumu wa afya ya jamii (jina limehifadhiwa),
Likoni, Mombasa